Kabla ya Kusasisha Linux, Tuletee Kompyuta Tuitazame

"Fundi, jana nimesasisha Linux, leo Wi-Fi hakuna." Mwenye kompyuta anaamini kadi imeungua na yuko tayari kununua nyingine. Tukiifungua, mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Kilichotoweka ni draiva yake. Tunataka mjue inatowekaje, maana wengi wenu mnatumia mashine za mtumba zilizokwisha kula chumvi nyingi.

Draiva ni programu ndogo inayojua kuzungumza na kifaa fulani. Katika Linux, nyingi zinakaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe. Ndiyo maana unachomeka kadi ya zamani na inafanya kazi bila kutafuta CD. Lakini kerneli haitulii: toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kiungo cha ndani (namna draiva inavyozungumza na kerneli) kikibadilishwa, kila draiva inayokitumia lazima irekebishwe. Anayeirekebisha pengine hajawahi hata kukiona hicho kifaa. Asipopatikana mtu mwenye nacho wa kujaribu, draiva hubaki bila mlezi, na mwishowe huweza kuondolewa.

Mwaka 2019 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika draiva ya diski za flopi kuwa yatima, kwa kuwa vifaa vya kuijaribia vimekuwa adimu. Bahati nzuri akajitokeza mtu wa kuilea. Chipu ya Intel 386, ambayo Linux ilizaliwa juu yake mwaka 1991, haikupata bahati hiyo. Msaada wake uliondolewa katika toleo la 3.8 la kerneli, mwaka 2013.

Kwa nini wasiziache tu draiva za zamani zikae? Kwa sababu msimbo usioangaliwa na mtu ni mlango usio na mlinzi. Mwaka 2015 iligunduliwa hitilafu iliyoitwa VENOM katika QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya nyingine), kwenye sehemu inayoigiza flopi. Karibu hakuna aliyekuwa akiitumia flopi hiyo, lakini mshambuliaji angeweza kupitia hapo kutoka kwenye kompyuta pepe na kuifikia mashine iliyoibeba.

Hata hivyo, draiva huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ina tumaini ambalo ile ya siri haina. Nvidia, kampuni ya kadi za picha, ilipoacha kuhudumia draiva zake za 340 mwishoni mwa 2019, wenye kadi za GeForce 8 na 9 hawakuwa na wa kumwomba azitengeneze. Wamebaki na Nouveau, draiva huria ambayo mara nyingi haifikii kasi ileile, ila inaendelea kutunzwa.

Kwa hiyo kabla hujasasisha, tuletee. Tunaendesha amri ya lspci -k, inayoonyesha vifaa vya ndani kama kadi ya Wi-Fi au ya picha, na draiva vinazozitumia, kisha tunalinganisha na toleo unalotaka kuhamia. Kama mashine yako ni ya biti 32, tutakwambia wazi: kwa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, toleo la 12 la mwaka 2023 ndilo la mwisho kuwa na kisakinishi cha mashine kama hizo. Mashine hiyo tutakushauri ifanye kazi bila intaneti, au ipumzike na mafaili yako tuyahamishe salama.

Na kama umeshasasisha na mambo yameharibika, usifomati. Kerneli ya zamani mara nyingi huwa bado ipo kwenye menyu ya kuwashia. Ichague hiyo, nakili mafaili yako, ndipo uje. Usisahau chaji na nenosiri.