Mwiko wa Kwenda Nao Njombe

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Marahaba, mama. Salamu zako nimezipata kwa mama yako, pamoja na habari kwamba Krismasi hii mnakwenda Njombe ukweni na kwamba usingizi umekupaa kwa ajili ya karanga, kwa kuwa zinakudhuru. Nimeona nisikupigie. Kwenye simu nitaishia kusema "usijali," kama kawaida yangu.

Nasikia shangazi yako ameshakupa ushauri: uwaambie wakwe kwamba karanga ni mwiko kwa ukoo wetu. Nilicheka, ila kuna akili ndani yake. Watu wetu wanauheshimu mwiko kuliko ugonjwa. Ukisema "kwetu hatuli," hakuna anayebisha. Ukisema "zinanidhuru," utaulizwa tangu lini, na mbona bibi zetu hawakuwa na mambo hayo. Hata hivyo usimsikilize. Kwanza, kaka zako walizitafuna kashata za karanga siku ya harusi yako mbele ya wakwe wote. Pili, na hili ndilo zito, mama mkwe akijua ni mila tu, ataweka kijiko kimoja kwenye mboga ili ikolee, na hataona kosa. Koo likianza kukubana, nyumba nzima itabaki kuulizana mkwe amepatwa na nini, na dakika zinakwenda.

Dakika hizo nazijua mimi. Ulikuwa na miaka 6, tuko msibani Kyela, tumekaa mkekani na wazee. Sinia likaja, wali na kisamvu cha karanga. Ulimeza tonge moja ukaninong'oneza, "Baba, mdomo unawasha." Na si kwamba sikuwa na dalili. Mwaka mmoja nyuma ulivimba macho baada ya uji wa lishe, tukakupeleka kwenye zahanati, tukaambiwa minyoo, tukanunua dawa ya minyoo, yakaisha. Hakuna aliyewaza kwamba kwenye unga ule, pamoja na mahindi, ulezi na soya, mna karanga. Siku ile mzee mmoja alikuwa anatutazama. Nikakwambia, "Kula, usinitie aibu."

Ukala, mama. Tonge la pili, la tatu, machozi yanakutoka, kwa kuwa baba amesema. Haikufika nusu saa midomo ilikuwa imejaa, mwili mzima vipele, sauti imekauka kama ya mtu mzima mwenye mafua, na kila ukivuta pumzi kifua kinapiga mluzi. Tulipata gari la mfiwa, lile lililobeba jeneza asubuhi. Daktari hakuuliza maneno mengi, alikuchoma sindano ya adrenalini pajani, na nikaona kwa macho yangu pumzi inarudi. Jambo hilo limenikaa kifuani miaka yote na sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo.

Ni daktari yule aliyenifafanulia. Kinga ya mwili wako inaiona protini ya karanga kama adui, inaishambulia, na vita yenyewe ndiyo inayokuumiza. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi, na chembe kidogo tu inaweza kutosha. Ndiyo maana "nimeweka kidogo sana" na "zimeiva vizuri" si majibu, hata yakitoka kwa mtu anayekupenda.

Bibi yako alilielewa kabla yangu, na hakusoma hata darasa moja. Tulipomweleza, hakusema neno. Tuliporudi likizo iliyofuata tukakuta kachungu kapya jikoni, na juu ya msumari mwiko umefungwa kitambaa chekundu. Mtu yeyote akiugusa mwiko ule, hata mama yako, alifokewa. Alijua kwamba mwiko uliokoroga mboga ya karanga ukiingia kwenye maharage, basi na maharage yamekwisha kuwa ya karanga.

Kwa hiyo Njombe, shemeji yako mdogo asiwe ndiye wa kwanza kujua, wala usingoje chakula kiwekwe mezani. Mumeo ampigie mama yake kabla hamjatoka Iringa. Yeye ndiye mwana wa nyumba, neno lake halitaonekana dharau. Aseme wazi: akila karanga anaweza kufa. Neno ni zito, lakini jepesi halitasikika. Ukifika, nenda jikoni. Mkaza mwana anategemewa jikoni hata hivyo, na mara hii desturi ipo upande wako: utaona kinachomwagwa chunguni, utauliza kinu kimetwanga nini na mkaango umekaanga nini. Chagua vya wazi, viazi vya kuchemsha, nyama ya kuchoma, ugali. Mboga ya majani usiyoiona ikipikwa, iache, hata kama umeapiwa.

Kwenye kunawa, omba sabuni. Maji matupu ya birika hayaondoi mafuta ya karanga mkononi, na mkono wa jirani yako kwenye sinia ni sawa na mwiko. Omba sahani yako, mumeo akae karibu. Bibi wa pale atasema unajitenga. Mpe mkono, mkalie miguuni, mwombe hadithi, kula viazi vyako ukimtazama. Mimi nimeona watu wakikataa chakula wakapendwa, na wengine wakamaliza sinia na hawakukaribishwa tena.

Njiani pia, gari likisimama Mafinga au Makambako, dirishani utasogezewa karanga kwenye vikoni vya karatasi. Harufu peke yake isikutie hofu sana, hatari ni kuzila, na mikono iliyozishika. Futa kiti.

Likitokea la kutokea, setirizini uliyonayo kwenye mkoba inatuliza muwasho na vipele tu, haifungui koo. Ni hospitali moja kwa moja. Ulale miguu ikiinuliwa, au ukae kama pumzi inabana, lakini usisimamishwe wala kutembezwa. Ukishachomwa sindano ukapata nafuu, msikubali kurudi nyumbani upesi, kwa maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mumeo ajue njia ya hospitali siku ile ile mnayofika, mchana, siyo aje kuulizia usiku. Huyo nitamwambia mwenyewe.

Kesho nampa kondakta kifurushi. Mna parachichi za Rungwe, bado ngumu, zifunge kwenye gazeti. Mna kilo 5 za mchele wa Kyela kwa mama mkwe. Na ndani ya mchele nimeuchomeka ule mwiko wa bibi. Kitambaa kilikuwa kimechakaa, mama yako amefunga kingine. Mchele uuchambue kabla ya kuupeleka, safari hii una vijiwe.

Baba yako