YAH: Malalamiko ya kuuziwa kapasita za MKT badala ya MKP

Fundi redio,
Barabara ya Nane, Ngamiani,
TANGA.

Meneja Mauzo,
Duka la Vipuri vya Elektroniki,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

Rejea mzigo wa kapasita 12 (vile vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) mlionitumia kwa basi mwezi uliopita. Nililipa shilingi 168,000, na 6,000 za usafirishaji. Niliagiza MKP, yaani za filamu ya plastiki ya polipropilini, zenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa mikrofaradi 0.15, volti 2,000, na risiti yenu inasema hivyo hivyo. Mlizoleta ni MKT, za plastiki nyingine, poliesta.

Natengeneza koili ya Tesla, mtambo wa kupandisha volti hadi cheche ziruke hewani, ya kuwaonyesha wanafunzi wa mtaani kwetu. Transfoma yake imetoka kwenye bango la neoni: volti 9,000, miliampia 30. Kilele cha umeme huo hufika volti 12,700 hivi, ndiyo maana nilizifunga kapasita 10 mfululizo zihimili 20,000, na jumla yake ikawa mikrofaradi 0.015. Hesabu zote nilizipiga kabla ya kutoa hata senti. Ambalo sikulipigia hesabu ni kibandiko.

Siku ya kuwasha, cheche zilitoka urefu wa kiganja, kisha zikafifia. Nikazima, nikasubiri, nikagusa. Zilikuwa za moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, mbili zimevimba. (Kila moja nilishaiwekea rezista ya megaomu 10 ya kumaliza chaji, la sivyo barua hii angeiandika mrithi wangu.) Kwa joto lile kibandiko cha MKP kikabanduka, na chini yake kiwanda kimechapa MKT. Zile mbili za akiba nikazipasha kwa kikaushia nywele cha saluni ya jirani huku nikizipima: uwezo wa kuhifadhi chaji ukapanda, kama ufanyavyo wa poliesta. Polipropilini ikipata joto, uwezo wake hushuka kidogo.

Nilipopiga simu, kijana wenu akanijibu, "Mzee wangu, si volti ni zile zile? Hiyo ni herufi moja tu." Kwa redio ningenyamaza. Lakini kwenye koili ya namna hii mkondo hugeuka mwelekeo zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, na poliesta hugeuza nishati kuwa joto mara kumi hivi kuliko polipropilini. Zile volti 2,000 zilizoandikwa ubavuni mwa kapasita ni za umeme usiogeuka, kama wa betri. Muuza kapasita asiyelijua hilo ni kama muuza samaki asiyejua kunusa.

Naomba MKP 12 zilizochapwa na kiwanda chenyewe, au mnirudishie shilingi 174,000. Mlizonitumia ninazo zote, pamoja na kile kibandiko, nimekitia kwenye bahasha. Nauli ya kuzirudisha ni juu yenu. Nawapa siku 14. Zikipita, nitapeleka risiti na bahasha hiyo Tume ya Ushindani.

Wako mteja,
Fundi wa Ngamiani