Cherehani nzima, uzi hakuna

Mheshimiwa Mhariri,

Kila linapoandikwa jambo kuhusu vikundi vya wamama na vijana hapa Goma, wasomaji huuliza swali lile lile: pesa ya wafadhili inakwenda wapi? Na jibu huwa tayari mdomoni: imeliwa. Zipo zilizoliwa, hatubishi. Lakini sisi tunaopitia daftari za vikundi hivi tunaona jambo jingine. Ruzuku ndogo, zile za dola 2,000 hadi 10,000, nyingi hazifi kwa wizi. Zinakufa kwa vitu vidogo ambavyo hakuna aliyethubutu kuviandika kwenye bajeti.

Chukua chumba cha ushonaji cha kawaida, Ndosho au Katoyi. Cherehani za kukanyaga zimepangwa ukutani, zimefunikwa kitenge, na kila moja ina namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ili mfadhili akija aihesabu. Ifunue moja. Mkanda wa ngozi umelegea, sindano imekatika, ndani ya kidroo hakuna bobini hata moja. Mashine yenyewe ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni mkanda, sindano, mafuta ya mashine, uzi na kodi ya mwezi wa nne. Bajeti ilinunua mashine 8 kwa kuwa mashine inapendeza kwenye picha ya rapo. Uzi haupigwi picha.

Sasa piga hesabu ya mafunzo yenyewe. Wasichana 15, miezi 6, tuseme wiki 24. Mpe kila mmoja yadi 2 tu za kitambaa cha bei ya chini kwa wiki, akate, ashone, akosee, afumue. Hizo ni yadi 720. Pesi moja ina yadi 6, kwa hiyo ni pesi 120. Andika pesi 120 kwenye bajeti uone msimamizi wa mfuko atakavyokunja uso. Lakini bila kitambaa hayo si mafunzo, ni kukalia kiti mbele ya mashine. Ongeza sindano: namba 14 kwa kitenge, namba 16 au 18 kwa jinzi. Anayejifunza akitia namba 11 kwenye jinzi, sindano haimalizi siku. Ukiandika sindano 10 kwa kundi zima, umeandika wiki mbili za kazi.

Kipimo chetu ni hiki, na tuko tayari kubishana nacho: vifaa visizidi nusu ya ruzuku. Nusu nyingine iwe ya malighafi, kodi, usafiri, matengenezo na ada za kutuma na kutoa pesa. Mfadhili anayesema "hatulipi gharama za uendeshaji" anakuuzia gari na kukukataza mafuta.

Halafu kuna siku ya kuhitimu, wakati wasichana wanakabidhiwa mashine mbele ya shefu wa kartye na watu wanapiga makofi. Aliyepewa mashine Ijumaa na kudaiwa kodi ya nyumba Jumatatu ataiuza. Huo si ujinga wala utovu wa shukrani, ni hesabu. Njia inayosaidia ni kuiacha mashine ibaki mali ya kikundi kwa miezi 6 ya kwanza. Wasichana wawili au watatu wafanyie kazi chumba kimoja chenye kodi iliyokwisha kulipwa, kila mmoja aanze na kitambaa cha mkopo, na hati ya kumkabidhi mashine isainiwe baada ya hapo. Na kabla ya yote, mtu atembee barabara hiyo aone washonaji wangapi wapo tayari. Kuna avenyu ambapo mshonaji wa kumi na moja hahitajiki. Huko afadhali vijana wajifunze kutengeneza simu, kusuka, au ufundi wa pikipiki.

Sabuni inafundisha zaidi, kwa kuwa kila kikundi cha pili kinaandika mradi wa sabuni na wengi wanaharibu. Bidoni ya lita 20 ya mafuta ya mawese ina uzito wa kilo 18 na kidogo. Ili kilo 18 za mawese zigeuke sabuni zote, zinahitaji kama kilo 2.5 za soda kaustiki safi. Fundi mwenye akili hupunguza kidogo, akaweka kilo 2.4, ili mafuta machache yabaki na sabuni isichome mikono. Maji ni lita 5 hadi 6. Soda ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, polepole. Maji hayamwagwi juu ya soda kamwe, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni. Acha mchanganyiko upoe, kisha uutie kwenye mafuta na kukoroga upande mmoja mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto.

Makosa yanaingia wapi? La kwanza, kupima. Soda inapimwa kwa gobeleti au kwa kopo la maziwa ya unga la Guigoz kama maharage. Kopo linapima ujazo, na soda ya chembe ndogo haina uzito sawa na ya vipande. Soda ikizidi, sabuni inababua ngozi. Ikipungua, inabaki laini na kunuka mafuta. Mizani ndogo inayosoma gramu ingemaliza tatizo, lakini haimo kwenye bajeti. La pili, soda inavuta unyevu wa hewa. Mfuko uliofunguliwa mwezi jana na kufungwa kwa kamba hauna tena nguvu ile ile, hata kama uzito ni ule ule. Nunua kidogo kidogo, hifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha. La tatu, sufuria. Sufuria zetu za nyumbani ni za aluminiamu, na soda inaitafuna aluminiamu, inatoa povu na gesi inayoweza kuwaka moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Glovu ndefu na miwani ni dola chache, na ndivyo vitu vya kwanza kufutwa bajeti inapopunguzwa. Soda ikimrukia mtu, ni maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au 20, wala si ndimu wala siki.

La nne ndilo linaloua mradi. Sabuni ya namna hii inahitaji kukaa wiki 4 hivi ikauke kabla ya kuuzwa. Kikundi kilichoweka pesa yote kwenye bidoni za kwanza kinakaa mwezi mzima bila senti, na wamama wana watoto nyumbani. Wanaitoa sabuni wiki ya pili ikiwa laini na kali, mnunuzi wa soko la Virunga anaijaribu mara moja, harudi tena. Dawa yake ni kugawa mtaji mara nne, upike kila wiki, ili kuanzia wiki ya tano kila wiki iwe na sabuni ya kuuza. Jambo dogo hilo halijaandikwa katika miradi mingi tuliyoisoma.

Pesa yenyewe nayo inafikaje? Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, ruzuku nyingi zinapita kwenye simu, Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, au mtu anavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Hapo kuna ada ya kutuma, ada ya kutoa, na wakala ambaye leo hana pesa ya kutosha, kwa hiyo unatoa mara tatu na kulipa mara tatu. Kama bajeti haina mstari wa ada, kikundi kitazificha ndani ya bei ya unga au kitambaa, na mkaguzi akizikuta ataita wizi. Andikeni ada kwa jina lake.

Laini ya simu mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mama mmoja, si la chama. Basi fanyeni hivi: SIM ikae kwa mweka hazina, namba ya siri aijue rais wa kikundi peke yake, na kila kutoa pesa wawe wote wawili, na mtu wa tatu aandike kwenye daftari kiasi, tarehe, na salio lililobaki. Ujumbe wa simu usifutwe. Kwa mama wa sokoni asiye na fakture, tengenezeni karatasi ya kupokea pesa: jina la bidhaa, kiasi, bei, sahihi au dole gumba, namba ya simu, na sahihi ya shahidi. Hiyo ni bora mara kumi kuliko kitabu cha fakture tupu zenye muhuri zinazouzwa mjini. Kila mkaguzi anazijua hizo. Mwandiko ni mmoja kuanzia msumari hadi mchele.

Na noti. Dola iliyochanika ukingo kidogo tu haipokelewi hapa. Anayepokea fedha taslimu azikague moja moja palepale mezani, asione haya.

Kuhusu awamu, tunasema na wafadhili. Mkataba unasema asilimia 50 mwanzoni, 40 katikati, 10 baada ya rapo ya mwisho. Ile 10 kikundi kinatakiwa kiitumie kwanza, ndipo kirudishiwe. Kutoka mfuko gani? Wanakopa kwenye sanduku la AVEC, yaani chama chao cha kuweka akiba na kukopeshana, ruzuku inachelewa miezi miwili, na wamama wengine waliotunza akiba yao wanaanza kunong'ona. Magomvi mengi ya vikundi yameanzia hapo. Kwa ruzuku chini ya dola 5,000, toeni asilimia 100 kwa awamu mbili, zote mapema.

Na AVEC zisiguswe hata kwa nia njema. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991 na nguvu yake ni moja: pesa ni ya wanachama wenyewe. Watu 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa kila mkutano, kugawana baada ya miezi 9 hadi 12. Mfadhili akimwaga dola 1,000 ndani, mkopaji anajua si jasho la jirani, na halipi. Lipieni mwalimu, sanduku, daftari. Pesa ya ndani waiache iwe yao.

Kuna mstari mmoja wa bajeti ambao kwetu ni wa kwanza kuliko yote. Mwanamke au msichana aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inakwenda hadi saa 120, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Hata dawa zikiwa za bure hospitalini, motari si wa bure, hasa usiku. Pesa ya usafiri isiyohitaji kuombwa kwa barua, inayokaa mkononi mwa mtu mmoja anayeaminika katika kila kartye, inafanya kazi ambayo semina ya siku tatu hotelini haifanyi. Wekeni akiba ya safari 10 na ijazwe kila inapopungua.

Kwa mstari huo huo, msitume orodha za majina. Wafadhili wengine bado wanadai majina, picha na namba za simu za "wanufaika". Tumieni namba badala ya majina. Daftari lenye majina libaki chini ya kufuli kwa mtu mmoja. Wala msifungue karakana ya waliobakwa peke yao, maana avenyu nzima itajua kila anayeingia mlangoni ni nani. Wachanganyeni na wasichana wengine, wajane, na vijana waliotoka barabarani.

Karatasi za usajili ni habari fupi. Sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 inataka ASBL, yaani shirika lisilo la faida, iwe na wanachama wasiopungua saba, katiba iliyopita kwa notari, orodha ya wasimamizi, vyeti vya mwenendo mwema na tamko la mapato yanayotarajiwa. Safari ya faili hadi Kinshasa ni ndefu, na leo ni ndefu zaidi. Kikundi kisicho na F92, ile karatasi ya usajili ya Wizara ya Sheria, kinaweza kupitia ASBL kubwa, mradi mkataba uandike asilimia itakayobaki kwa huyo mkubwa na idadi ya siku ambazo pesa haitakiwi kuzidisha ikiwa mkononi mwake. Bila maandishi hayo, pesa itapumzika huko njiani.

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi makubwa yamepunguza kazi, na ruzuku hizi ndogo zimekuwa tegemeo la wengi. Matangazo yake yanakuja kwa Kifaransa au Kiingereza, na tarehe ya mwisho iko wiki mbili mbele. Kikundi cha Mugunga kinasikia siku ya kumi na tatu. Tunaomba gazeti lenu, Mhariri, litafute matangazo hayo na kuyachapa kwa Kiswahili: kiasi, tarehe ya mwisho, kama F92 inatakiwa au la, na kama kodi na malighafi zinakubaliwa. Sentimita kumi za safu moja kila Jumatatu zinatosha.

Wasomaji wenu, wakaguzi wa hesabu za vikundi,
Komine ya Karisimbi, Goma