Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wasaidizi wa Kisheria, Kigoma, Mwaka 2020

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya mirathi, siku za kusikiliza wananchi pale Mwanga na ziara za vijiji vya Uvinza vilifanyika kama mnavyojua, ukiacha miezi ile corona iliposimamisha mikusanyiko. Sitarudia.

Nitasema kwa kirefu juu ya dhamana, maana maneno yamekuwa mengi, hadi kudaiwa kwamba nina "matumizi yasiyoeleweka" ya fedha za chama.

Mei 18, 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, kinakiuka Katiba. Grupu letu la WhatsApp lilichemka. Wengine mlitaka siku ileile tuwatangazie ndugu wa mahabusu, yaani wanaosubiri kesi zao, wa gereza la Bangwe kwamba mlango umefunguka, tena haraka, kwa jinsi ugonjwa ule unavyopenda msongamano. Nilikataa. Nikaitwa mwoga, na majina mengine ambayo katibu hakuyaandika. Lakini hukumu niliisoma hadi mwisho: Serikali ilipewa miezi 18 kurekebisha sheria, kwa hiyo hakuna ambaye angetoka kesho yake. Agosti 5 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Tungekuwa tumeshawapa watu matumaini, leo tungepita wapi mjini hapa?

Wapo pia waliotuletea habari za India. Ni kweli, Machi 23 Mahakama ya Juu ya huko iliagiza majimbo yaunde kamati za kuangalia nani atolewe kwa ajili ya corona. Hiyo ni India. Kwetu hata msamaha wa Rais wa Aprili 26, uliogusa watu 3,973, ulihusu wafungwa, si mahabusu.

Ndiyo maana fedha za chama nilizielekeza kwa wenye makosa yenye dhamana, waliokwama kwa kukosa wadhamini tu. Mama mmoja wa Kalinzi alishuka na lori la ndizi kumdhamini mwanawe. Barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji ikakataliwa, muhuri umefifia hausomeki. Nauli ya kurudi kijijini na kuja tena ilitoka kwetu, nyingine mfukoni mwangu, ingawa sipendi kulisema. Kijana akatoka. Hayo ndiyo yale "matumizi yasiyoeleweka" ya Sh 412,000. Risiti zipo kwa mweka hazina tangu Oktoba. Hakuna aliyekwenda kuziangalia.

Ada sasa. Wanachama 58, waliolipa 17, makusanyo Sh 408,000, deni la pango Sh 300,000. Mkutano wa Septemba ulikosa akidi, tukanywa chai tukaondoka. Anayelalamika kuliko wote anadaiwa tangu 2018, simtaji, anajijua.

Kwa 2021 tunatarajia, Mungu akijalia na wafadhili wakijitokeza, kupata ofisi yetu na pengine pikipiki. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti. Wanaodaiwa waanzie kwake kabla ya kupiga kura.

Mwenyekiti