Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Ngong

Mwanangu mpendwa,

Basi lako linaondoka Jumatatu alfajiri, nami najua kwamba nikianza kuzungumza mbele ya mama yako sitamaliza, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nimefurahi sana kwamba umepata kazi ya kutunza farasi wa mashindano pale Ngong, kwani hapa Tengeru wanaojua kumvalisha farasi hatamu ni wa kuhesabika. Sikufurahi kuipata habari hiyo kwa jirani kabla ya kuisikia kinywani mwako, lakini hilo tuliache.

Neno langu ni moja: ukiona farasi anachechemea, sema. Sema hata kama mbio ni kesho na mwenye farasi amekwisha kualika wageni.

Yule farasi Red Rum unayempenda, nimemwomba mdogo wako anisomee habari zake kwenye simu, jioni tatu mfululizo. Ginger McCain, aliyekuwa akiuza magari na kuendesha teksi kule Southport, Uingereza, alimnunua mwaka 1972 kwa gini 6,000, hesabu ya zamani ya fedha ya Uingereza, zilizotolewa na mzee Noel Le Mare, mwenye farasi, kisha akagundua kwamba farasi anachechemea kwa maradhi ya mfupa ndani ya kwato. Hakulifumbia macho jambo hilo. Alimwingiza baharini akamtembeza katika maji ya chumvi, akamzoeza kwenye mchanga wa ufukweni. Farasi huyo ndiye aliyeshinda Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977, na kuwa wa pili 1975 na 1976; mbio hizo wakati huo zilikuwa za zaidi ya kilomita 7, zenye viunzi 30 vya kuruka. Hakuna mwingine aliyezishinda mara tatu.

Hayo unayajua kuliko mimi. Ninalotaka ulishike ni la mwaka 1978: siku moja tu kabla ya mbio, watu wakimsubiri, ulionekana ufa mwembamba katika mfupa wa mguu wake, wakamwondoa. Hakushindana tena, lakini aliishi hadi 1995, akiwa na miaka 30, akazikwa Aintree, uwanja wa mbio hizo za Grand National, penye nguzo ya kumalizia mbio. Mtazame na Ruffian, farasi jike wa Marekani, aliyeshinda mashindano yake 10 ya kwanza yote. Katika la 11, Julai 1975, mguu wa mbele wa kulia ulivunjika, mpanda farasi akamvuta asimame, naye akaendelea kukimbia juu ya mfupa uliovunjika. Alikuwa na miaka 3, na hakuishi.

Wewe ndiye utakayemshika farasi kabla jua halijachomoza, ukipitisha kiganja kutoka gotini hadi kwatoni, na mkono wako utalijua joto la mguu kabla daktari wa mifugo hajaitwa. Usiseme kwamba wakubwa wataona wenyewe. Wakikukaripia, sema tena.

Najua umelelewa katika nyumba ambamo mtoto akisema mnyama anaumia huambiwa anyamaze. Habari ya punda wetu na magunia ya mahindi siirudii. Ulisema mara mbili, na mara zote mbili nilisikia.

Na wewe mwenyewe ukipigwa teke usifiche, kama ulivyoficha kile kidole mpaka kikavimba.

Mama yako anasema ubebe sweta zito, maana Nairobi mwezi wa saba ni baridi, na hati ya kusafiria uiweke mahali pa karibu, usije ukafungua begi zima pale Namanga. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Usitume kitu mwezi wa kwanza, nunua kwanza viatu vya kazini. Ng'ombe anakaribia kuzaa. Punda mpya ana nguvu, ila Jumamosi nilipomshika miguu kabla ya kumpakia, ule wa nyuma wa kushoto ulikuwa na joto, kwa hiyo mahindi yalikwenda sokoni kwa bodaboda, naye yumo bandani hadi leo.

Ni mimi baba yako.