Vibao vya Sweet: tazameni mwaka wa rekodi kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaonunua mikusanyo ya vibao vya Sweet, lile kundi la Uingereza la miaka ya 1970 lililopanda jukwaani na mavazi ya kumetameta na viatu vya soli nene. Hapa Dodoma wengi huzipata nyimbo hizi kwenye vibanda vya kujaziwa flashi, na flashi haina jalada la kusoma. Mtu analipia "Block Buster!" ya 1973, anaondoka na iliyorekodiwa upya miaka mingi baadaye, wala hajui.

Kundi lililotamba lilikuwa la watu wanne: Brian Connolly mwimbaji, Steve Priest wa besi, Andy Scott wa gitaa na Mick Tucker wa dramu. Vibao vikubwa vingi walivitoa kwenye kampuni ya rekodi ya RCA. Baada ya kusambaratika, Connolly, Scott na Priest kila mmoja kwa wakati wake aliendesha Sweet yake, na nyimbo zilezile zikarekodiwa tena, studio au jukwaani. Rekodi ya asili ina mwenyewe, na kuitumia ni gharama; mkusanyo wa bei ya kutupa hukwepa gharama hiyo kwa kutumia rekodi mpya. Si wizi. Kinachoudhi ni jalada kubandikwa picha ya vijana wanne wa 1973.

Kwenye CD, geuza nyuma utafute herufi P ndani ya duara: mwaka ulio kando yake ni wa kutolewa kwa rekodi hiyo. Ule wa herufi C ni wa jalada na maandishi, usikubabaishe. Ukikuta P ya miaka ya 1990 au baadaye, tafuta neno "remastered", maana yake ni mkanda wa zamani uliosafishwa, hauna ubaya. "Re-recorded" ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi huandikwa kwa herufi za kuhitaji miwani.

Kwenye flashi utategemea sikio. Omba usikilizishwe "The Ballroom Blitz" mwanzoni kabisa, pale Connolly anapowaita wenzake kwa majina, Steve, Andy, Mick, kabla dramu hazijaingia. Zisikilize hizo dramu: Tucker anazikimbiza, lakini unasikia mkono wa mtu. Rekodi za baadaye mara nyingi zina dramu zilizonyooka kama rula, na mwangwi mwingi kwenye sauti. "Block Buster!" nayo hufunguliwa na king'ora, ila king'ora peke yake si ushahidi, yeyote anaweza kukiweka. Na anayesikia gitaa lake akadhani kapewa "The Jean Genie" ya David Bowie asimgombeze muuzaji. Nyimbo hizo mbili zilitoka RCA karibu wakati mmoja na gitaa zake zinafanana mno.

Panapowachanganya hata wajuzi ni "Fox on the Run". Zipo mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ilikuwa kwenye albamu ya "Desolation Boulevard" ya 1974, inakaribia dakika tano. Ya pili waliirekodi wenyewe upya kwa ajili ya santuri ndogo ya 1975. Ina kama dakika tatu na nusu na inaanza na kinanda cha umeme. Iliyovuma ni hii fupi. Mkusanyo ukibeba ile ndefu peke yake, aliyeupanga hakuwa makini. "Funny Funny" na "Co-Co" za 1971 msizipime kwa dramu za Tucker: vyombo vilipigwa na wanamuziki wa kukodi.

Mwisho, ukubwa wa faili. Wimbo wa dakika tatu na nusu kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakuwa kama MB 3.4, kwa 320 unakaribia MB 8.4. Muuzaji akilichukua faili la 128 na kulikuza hadi 320, MB zitaongezeka lakini sauti haitapona. Matoazi ndiyo hukusaliti: yakisikika kama maji yanayochuruzika, faili lilishabanwa kupita kiasi.

Kurasa zenu za burudani zinapotaja mikusanyo ya enzi hizo, naomba ziandike pia mwaka wa rekodi na kampuni iliyoitoa. Ni mstari mmoja tu.

Msomaji wenu,
Area C, Dodoma