Kaka, pesa ya bati inakuja, ila nisikilize kwanza

Chisasibi, Quebec, Kanada, Septemba

Kaka Paskali,

Shikamoo. Natumaini wote hapo nyumbani hamjambo na Mama mguu unampa nafuu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, baridi imeshaanza. Hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa kwenye kundi la ukoo nimeusoma, na kila mtu kausoma, hadi watoto wa Baba Mdogo walioko Babati. Umeandika kwamba pesa ya bati sina, ila ya kukimbia barabarani na watu wa barafuni ninayo. Kaka, umeniumiza. Ungenipigia simu ukanisema ningekusikiliza, wewe ni mkubwa wangu. Lakini kunianika mbele ya wifi zangu na wakwe, kwa jambo ambalo hujaniuliza hata siku moja ni la nini! Nimekaa nalo rohoni wiki nzima. Ndiyo maana leo naandika barua, maana ujumbe wa sauti hautoshi.

Tuanze na pesa. Kwenye zile mbio hakuna hata senti ya Mama iliyoingia. Mafuta ya magari, chakula na mahema vililipwa na halmashauri za vijiji vya Wakrii, wenyeji wa asili wa huku, na kilichopungua tulikitafuta kwa bingo ya redioni. Jioni redio ya kijiji inataja namba, watu wako majumbani na kadi zao mezani, na kadi ikitimia unapiga simu redioni kabla mwenzako hajakuwahi. Mimi nilikuwa nauza kadi mlangoni mwa duka baada ya vipindi. Na lile jaketi la njano uliloliona kwenye picha ukaliita la kitajiri, ni jaketi la kung'aa usiku ili madereva wa malori watuone. Ni mali ya kamati, limesharudi stoo.

Sasa nikueleze tulichofanya, kwa sababu ni kitu kikubwa na sitaki kipite kama umbea wa kundini.

Tulipeleka fimbo kwa miguu kutoka hapa Chisasibi hadi Waskaganish, zaidi ya kilomita 500, vijana wa Kikrii wakipokezana. Utoke Arusha ufike Dodoma, bado una njia. Barabara kuu yenyewe, kutoka Matagami hadi Radisson, ina kilomita 620, na kituo cha mafuta njiani ni kimoja tu, kilomita ya 381. Sehemu kubwa simu haishiki. Ni misonobari, maziwa na mawe, unakwenda saa nzima hujaona nyumba. Huwezi kuwatoa watoto wa watu ukawaingiza humo kwa moyo mzuri peke yake. Ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu.

Ratiba niliipanga mimi, ubaoni, kamati nzima ikinitazama. Kila kijana anakimbia kilomita mbili, anapanda basi, anapumzika, zamu yake inarudi. Wenzangu walitaka tupangie mwendo wa wale wepesi. Nikakataa. Tulipangia dakika nane kwa kilomita, mwendo wa yule mzito kabisa, kwa hiyo saa kumi za mchana zinatupa kilomita 75 na hakuna mtoto wa kuambiwa panda gari unatuchelewesha. Mbele linakwenda gari la taa, nyuma gari la maji na muuguzi, na kwenye madaraja tunaye polisi wa Wakrii wenyewe, maana wana jeshi lao la polisi. Simu ya setelaiti kwenye kila msafara. Kampuni moja iliyotuahidi mabasi ilijitoa tukiwa tumebakiza siku chache, tukaazima basi la shule kijiji jirani. Tulifika Waskaganish kwa siku tuliyosema, watoto wote wazima.

Na lipo lingine ambalo nataka Mama asomewe taratibu. Mwanzoni kamati ilikuwa inabishana jinsi ya kuvihusisha vijiji vingine. Wemindji haipo barabarani, unaachia barabara kuu kilomita ya 518 ndipo uiendee karibu kilomita mia. Eastmain vilevile, kilomita ya 350. Wengine wakasema basi tuwapitie kwa gari. Nikasimama nikawaelezea Mwenge wa Uhuru. Nikawaambia kwetu Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, na hadi leo unazunguka nchi, wilaya inaupokea mpakani kwa wilaya nyingine, kwa ngoma, haupitishwi kimyakimya. Vijana wa Wemindji watoke kwao kwa miguu waje waipokee fimbo njia panda. Bibi mmoja akasema maneno marefu kwa Kikrii, wakatafsiri: amesema ndivyo itakavyokuwa. Na ndivyo ilivyokuwa, Kaka. Vijana wa Whapmagoostui, ambako barabara haifiki kabisa, walikuja kwa ndege wakakimbia na wa hapa.

Ungeiona ile njia panda ya 518 asubuhi. Ukungu umelala barabarani kama wa Msitu wa Nou, huoni mita hamsini, unasikia tu viatu kwenye changarawe. Binti mmoja wa darasa langu ndiye aliyekuwa na fimbo. Ana miaka kumi na mitano, mwaka mzima hajanyanyua mkono darasani. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeachia, kaizungushia utepe wa kijivu wa mafundi, kagoma kubadili. Fimbo ameichonga mzee mmoja wa hapa kwa mti wa magome meupe, ina vitambaa, kila kijiji na rangi yake, na pale mkono unaposhika palishakuwa peusi kwa jasho. Wenzake wa Wemindji walipotokea kwenye ukungu, hakuwapa tu akaondoka. Alisimama akawaambia kwa Kikrii nani kaibeba kutoka wapi, jina kwa jina, wote, bila karatasi. Wazee walivua kofia.

Unauliza watu hawa wananihusu nini. Barabara ile ilichimbwa kwa ajili ya mabwawa ya umeme. Mwaka 1971 serikali ya jimbo la Quebec ilitangaza kwamba mito yao itafungwa, na wenye mito hawakuulizwa. Wengi walisikia redioni na kusoma gazetini. Wakaenda mahakamani. Novemba 1973 jaji akasimamisha kazi, baada ya wiki moja mahakama ya rufani ikairuhusu iendelee. Mwaka 1975 wakasaini mkataba. Aliyewaongoza alikuwa kijana, Billy Diamond, na leo barabara ina jina lake. Bwawa moja tu la mto wa hapa linatoa megawati 5,616, zaidi ya mara mbili ya Bwawa la Mwalimu Nyerere. Lakini kijiji hiki chote kilihamishwa kutoka kisiwani Fort George kwa sababu ya maji hayo, na kila kiangazi wazee wanarudi kisiwani kupiga mahema kwenye viwanja vyao vya zamani. Wewe ambaye hujasema na Baba Mdogo miaka yote hii kwa mita chache za mpaka wa ardhi yetu ya Bashay, unaelewa vizuri kuliko mtu yeyote.

Vijana wenyewe wanajua wanachokimbilia. Mwaka 2013 vijana sita na mtu mzima mmoja wa kuwaongoza walitoka Whapmagoostui Januari, kwenye theluji, wakatembea kama kilomita 1,600 hadi Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Walifika Machi wakiwa mamia, kwa jinsi watu walivyokuwa wanaungana nao njiani. Wanafunzi wangu wamekua wakizisikia habari hizo, na wanataka na wao wawe na ya kwao. Na kisukari huku kimezidi, watu wazima wengi wanacho. Kuna familia hapa zimezika vijana waliojiondoa wenyewe. Mama anapomwona mwanawe anakuja mbio barabarani na fimbo, watu wanampigia honi, mimi siwezi kukuandikia uso wake ulivyo.

Usiku tulilala kwenye mahema, sakafu ni matawi mabichi ya misonobari, yananukia vizuri sana. Bata bukini ananing'inizwa kwa kamba mbele ya moto. Bibi anaisokota kamba kwa vidole, bata anazunguka taratibu hadi kamba inyooke, halafu inajisokota upande wa pili, hivyohivyo saa kadhaa, mafuta yanadondokea kwenye sufuria chini. Humo ndimo nilipowasimulia Mzee Akhwari, wa kwetu Mbulu, Meksiko mwaka 1968, alivyoanguka na goti likaumia, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nikawaambia ninakotoka ndiko alikotoka. Kesho yake mvulana mmoja aliyeteguka kifundo alikataa gari, akatembea zamu yake hadi mwisho, na basi zima likamsubiri.

Nilivyokuwa nasimulia, Kaka, koo lilinikaba. Nilitamani makande ya Mama na mtindi, na ile harufu ya vitunguu swaumu magunia yakiwa uani. Hapa nina nyumba nzuri, mshahara mzuri, wananiheshimu, dukani nikiingia watoto wanapiga kelele jina langu. Lakini hakuna mtu wa kuniita Vero kwa sauti ya nyumbani.

Sasa nimefika kwa Juliana.

Wifi ameniambia umemkataza mazoezi kwa sababu ya palizi, na kwamba msichana wa kidato cha pili kusafiri na timu ni uhuni. Mwalimu wake anasema ana nafasi ya kuchaguliwa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mwakani. Kaka, ana umri uleule wa yule binti wa fimbo. Mimi ni shangazi yake na neno nitalisema: mwache akimbie. Palizi nitalipia kibarua, msimu wote, hilo lisiwe sababu. Kama unahofia safari, wifi aende naye, nauli ni juu yangu. Nimewapangia watoto wa watu njia ya kilomita 500 wakafika salama, na wazazi wao waliniamini, mimi mgeni. Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, niamini kwa kilomita za kutoka Mbulu hadi mkoani.

Kuhusu Bashay, Baba Mdogo amenitumia karatasi ya kuuza kipande cha juu, anataka niweke sahihi. Siweki. Mwambie hivyo, au nitamwambia mwenyewe. Pale ni pa Mama hadi mwisho wake.

Bati nitalipia kabla ya mvua. Nataka geji 28, siyo zile nyepesi zilizotuvujia jikoni. Nitalipa moja kwa moja dukani, kwa hiyo nitumie namba ya mwenye duka, idadi aliyoipima fundi, na kofia na misumari viandikwe pembeni. Pesa ya fundi itaingia kwenye simu ya wifi Magreti.

Mpime Juliana mguu, jioni akiwa ametoka shule, unitumie urefu kwa sentimita. Mwalimu mwenzangu anakuja Arusha Desemba na amekubali kubeba raba. Namba unijibu kwangu, siyo kwenye kundi.

Msalimie Mama, wifi, na watoto wote.

Mdogo wako,
Veronika